Supu ya hemu na mboga kwenye slo kuka, na kwanini naweka mlenda badala ya viazi

Nikimwambia mtu mwenye sukari apunguze wanga, swali la kwanza ni lilelile, "sasa nitakula nini nishibe?" Na ni swali la haki kabisa, mana supu ya mboga iliyokaa maji maji haishibishi, mtu anakunywa saa moja usiku, saa tatu yuko jikoni anafunua sufuria ya ugali. Kwahiyo mimi kama mtu wa lishe kazi yangu sio kukwambia acha tu, ni kukupa kitu kizito cha kuweka mezani. Hii supu ndo naipika sana kwenye slo kuka (sufuria ya umeme inayopika polepole kwa masaa mengi) Juni na Julai, baridi ya Dodoma na ule upepo wake.

Hemu ni paja la nguruwe lililotiwa chumvi, mara nyingi limepitishwa kwenye moshi pia, supamaketi za mjini zinauza. Ukipata yenye mfupa chukua hiyo, mfupa unatoa ladha. Kwa watu sita nusu kilo inatosha. Wasiokula nguruwe wachukue mbuzi au ng'ombe yenye mfupa, mambo mengine yote yanabaki vilevile isipokuwa chumvi, utaweka mwishoni kwa kuonja.

Sasa hapo kwenye chumvi naomba tuelewane vizuri. Nusu kilo ya hemu ya kawaida inaweza kubeba chumvi gramu 12 hadi 15, ukigawa kwa watu sita kila mtu anapata gramu 2 au zaidi, wakati Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku nzima. Kwahiyo chumvi usiongeze kabisa, wala zile kyubu za supu, ni chumvi hiyohiyo. Loweka hemu usiku kwenye maji ya baridi, au ichemshe dakika kumi umwage yale maji ya kwanza. Mwenye presha apunguze nyama iwe robo kilo na aongeze mboga. Tena hemu isiwe ya kila siku, nyama zilizosindikwa ziliwekwa mwaka 2015 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, mimi nashauri iwe ya mara mojamoja.

Ukikosa hemu ukaenda bucha ya kitimoto, ikague nyama kabla hujalipa. Ukiona vifuko vidogo vyeupe kama punje za mchele hiyo ina tegu (minyoo), iache hapohapo. Kanda yetu ya kati hilo tatizo lipo kweli, wilaya ya Kongwa ikiwemo.

Mboga: kabichi nusu (dogo), karoti moja, kitunguu kimoja cha Singida, nyanya mbili, hoho moja, ngogwe (nyanya chungu) nne, fungu la mchicha, kitunguu saumu na tangawizi. Karoti na kitunguu zinakaa chini kabisa, mana kwenye slo kuka mboga ngumu zinachelewa kuiva kuliko nyama na joto linatoka chini na pembeni. Juu yake nyama, alafu kabichi, hoho, nyanya, ngogwe, maji lita moja na nusu. Usijaze mpaka juu, theluthi mbili inatosha, na maji usiongeze kwa mazoea ya jiko la mkaa, humu hayakauki. Nyama ya friza iyeyushe kwanza, ukiiweka barafu itakaa muda mrefu kwenye uvuguvugu na vijidudu vinapenda hapo. Moto wa chini masaa saba au nane, moto wa juu masaa manne hivi. Na mfuniko uache! Kila ukifunua joto linatoka na unajiongezea kama dakika ishirini.

Tukija kwenye uzito wa supu, wengi wanaweka viazi au wanakoroga unga. Nusu kilo ya viazi mviringo inaingiza wanga gramu 75 mpaka 85 kwenye sufuria, yaani kama gramu 13 za ziada kwa kila mtu, wakati hizo mboga zote nilizotaja bila viazi zinampa kila mtu wanga chini ya gramu 10. Na sisi wa Dodoma jibu tunalo miaka yote, mlenda wa kukausha. Nenda Majengo sokoni uliza wamama wanaouza mboga za kukaushwa, chagua uliobaki na rangi ya kijani na usio na mchanga, sugua kidogo katikati ya vidole utajua. Ikibaki nusu saa tia mchicha, alafu nyunyiza vijiko viwili vya mlenda kidogokidogo huku unapekecha, usimwage wote kwa mpigo utapata mabonge. Baada ya dakika kumi inua upawa, supu inashuka taratibu na inavuta uzi kidogo, hapo imefika. Ule utelezi ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zinafanya sukari iingie kwenye damu polepole na tumbo lisikae tupu haraka. Kama huna mlenda, bamia sita za kukatakata zinafanya kazi hiyohiyo.

Magadi usiweke. Najua mlenda bila magadi wengine mnaona haujakamilika, lakini magadi nayo ni sodiamu, na kwenye hemu tayari tunayo ya kutosha, alafu yanaharibu vitamini. Limau kamulia kwenye bakuli sio kwenye sufuria, mana uchachu unakata utelezi.

Jambo moja la lazima: kama unachoma insulini au unameza glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari), usikate wanga ghafla bila kuongea na daktari wako, dozi ileile na wanga kidogo sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka.

Umeme ukikatika ukiwepo nyumbani hamishia jiko la mkaa au gesi umalizie. Ukirudi ukakuta umekatika na hujui ni tangu saa ngapi, mwaga, hata kama inanukia vizuri. Iliyobaki igawe kwenye vyombo vidogo ipoe haraka, friji siku tatu, na ukipasha hakikisha imechemka kwenye sufuria ya kawaida, slo kuka haifai kupashia kiporo.