Watu 500 wa vita vya 1896: si wote waliokufa

Ukikaa Forodhani, Unguja, jioni hukosi kumsikia mtu akiwahadithia wageni: vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 vilikwisha kwa dakika 38, wakafa Wazanzibari 500. Hizo dakika zina ubishi wake, maana wengine huhesabu tangu amri ya kushambulia ilipotolewa saa 3:00 asubuhi, wengine tangu mzinga wa kwanza saa 3:02. Wapo wanaofikisha 45. Hilo dogo.

Linaloniuma ni hao 500. Hesabu iliyopokewa ni ya waliouawa *na* waliojeruhiwa kwa pamoja, na yenyewe ni makadirio. Neno "majeruhi" limedondoka njiani, mdomo hadi mdomo, na hai wakazikwa kwa ulimi. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, ndani ya manowari *Thrush*. Huyo hatujawahi kumwita maiti.

Wetu walikuwemo ndani ya kasri la Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, wakiwa askari, watumishi na watumwa, moto ulipowashukia. Basi ukihadithia, sema: "wapatao 500, waliokufa na waliojeruhiwa."