Je, wajua? Shokapu haibebi gari

Gari likiingia shimoni na mgongo wako ukapata habari, lawama huangukia shokapu: eti ndiyo inayobeba uzito. Hapana. Mbebaji ni springi, na ndiyo inayopokea pigo baada ya tairi. Shokapu ivuje mafuta mpaka ikauke, gari litasimama kwa kimo kilekile (zile za gesi huinua kidogo, si kwa kiasi cha kujivunia). Kwa hiyo gari likilalia upande mmoja, chunguza springi kabla hujanunua shokapu. Kinachochanganya ni kwamba kwenye magari mengi madogo springi ya mbele imevishwa juu ya shokapu, vikaonekana kitu kimoja.

Shokapu ya nini basi? Springi ina tabia ya kurudisha karibu nguvu yote iliyopewa. Ikiachwa peke yake, gari lingepita shimo na kuendelea kunesa, mara moja au mbili kila sekunde, huku abiria wakitafuta mifuko ya plastiki.

Ndani ya shokapu mna mafuta na pistoni yenye vitundu. Chukua bomba la sindano, toa sindano yenyewe, jaza maji. Sukuma polepole: maji yanatoka bila ubishi. Sukuma kwa ghafla: kidole gumba kinagoma. Kitundu ni kilekile na maji ni yaleyale. Kilichozidi ni kasi. Vivyo hivyo shokapu: ukiikandamiza taratibu inakubali, ukiishtua inakataa. Na nguvu inayopotea humo haipotei kweli, inakuwa joto. Baada ya barabara ya makorongo, shokapu huwa ya moto.

La ajabu zaidi, shokapu nyingi hukinza zaidi zinapovutika kuliko zinapobanwa. Yaani kazi yake kubwa huanza pigo likishapita: kuizuia springi isirudi kwa pupa. Lakini ukinzani ukizidi, gurudumu huchelewa kushuka na kukamata barabara kabla ya shimo linalofuata.

Mafundi wengi hukandamiza kona ya gari kisha huachia. Likinesa mara kadhaa, shokapu imechoka. Likitulia upesi, usishangilie bado: springi ngumu au vyuma vyenye msuguano huweza kuficha ubovu. Tazama pia kama mafuta yamelowesha mwili wa shokapu, na kama tairi limelika kwa mabonde-mabonde.