Mabawa ya Tiger Moth hayakurudishwa nyuma kwa ajili ya kasi

Ukiitazama Tiger Moth ubavuni, ndege ya mafunzo ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931, utaona mabawa yake ya juu na ya chini yameelekea nyuma kidogo. Wengi hudhani yalichorwa hivyo ili iende mbio, kama jeti. Sivyo. Ndege hii haikufika hata kilomita 180 kwa saa.

Chanzo kilikuwa parachuti. Jeshi la Anga lilitaka mwalimu, anayekaa kiti cha mbele, aweze kujirusha nje hatari ikitokea. Katika Gipsy Moth, iliyoitangulia, kiti hicho kilikuwa chini ya tangi la mafuta lililo katikati ya bawa la juu, kimezungukwa na nguzo zinazolibeba bawa hilo. Aliyevaa parachuti angenasa humo. Mafundi wa de Havilland, kampuni iliyoiunda, wakaisogeza mbele sehemu ya kati ya bawa pamoja na nguzo zake, njia ikafunguka. Lakini bawa likienda mbele, nguvu inayoinyanyua ndege nayo huenda mbele, mizani ikaharibika. Ndipo wakayapinda mabawa kuelekea nyuma, mizani ikarudi. Mimi hili hunigusa kila nikiiona: umbo zima limetokana na kumfikiria mtu anayetaka kutoka akiwa hai.

Wapo pia wanaosema ni ndege ya mbao tupu. Mabawa ndiyo ya mbao. Kiunzi cha mwili ni mabomba ya chuma, na karibu yote yamefunikwa kitambaa. Yenye mwili wa mbao ni ndugu yake Queen Bee ya 1935, iliyoongozwa kwa redio ili wapiga mizinga wajifunze kulenga.

Dhana nyingine ni kwamba ndege ya mwanafunzi lazima isamehe kila kosa. Tiger Moth ni rahisi kuirusha, ila kuirusha vizuri ni kazi. Mkono mzito huonekana papo hapo, na sauti ya mwalimu huja masikioni kupitia bomba la mpira la kuongelea.

Na mwanafunzi hakai mbele. Hukaa nyuma, kwa sababu kiti cha mbele kiko karibu na kitovu cha uzito: siku mwalimu anaposhuka na kumwacha aruke peke yake, mizani ya ndege haibadiliki sana.