Kitabu Kikiondolewa Shuleni, Je, Aliyenacho Mtaani Ana Kosa?

Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, ukiwamo mfululizo wa hadithi za watoto uitwao Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na maadili. Wauza vitabu wa hapa Dodoma bado wanatuuliza: nikikutwa nacho mezani kwangu, nafungwa?

Katazo la shule peke yake halikufanyi mhalifu. Serikali ina mamlaka halali ya kuchagua watoto wasome nini darasani, na kwa hilo siilaumu. Jinai ni jambo jingine. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakataza biashara ya maandishi, picha na filamu chafu, au kitu chochote kinachoelekea kuharibu maadili. Anayeamua kama kitabu kimeangukia humo ni hakimu aliyesikiliza ushahidi. Mwalimu mkuu haamui, wala mwenyekiti wa mtaa.

Shida ni kipimo. Kanuni hiyo tumeirithi kwa Mwingereza, na mahakama za kwao tangu 1868 ziliuliza tu kama maandishi yanaweza kumpotosha msomaji mwepesi wa kupotoka. Hapo kitabu cha watu wazima kinafungiwa kwa jina la mtoto. Wenyewe walibadilisha sheria mwaka 1959: kitabu kisomwe chote, kisha itazamwe kama kinaweza kuwapotosha wale wanaotarajiwa kukisoma. Naamini nasi tunapaswa kupima hivyo. Mzazi mmoja alituletea simu yenye picha iliyosambaa WhatsApp, mchoro wa viungo vya uzazi, umekatwa juu na chini, akitaka muuzaji akamatwe. Kumbe ni ukurasa wa kitabu cha Biolojia cha sekondari. Ule mchoro, bila kichwa cha sura wala maelezo ya pembeni, ungemshtua mzazi yeyote.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake, na pia haki ya kutafuta na kupokea habari. Kwa hiyo msomaji naye analindwa. Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuweka mipaka kwa ajili ya maadili ya jamii, lakini mipaka hiyo nayo ina mipaka: katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, 1993, Mahakama ya Rufani ilisema sheria ya namna hiyo isiache mwanya wa uonevu, wala isibane haki kupita inavyohitajika. Kumkinga mwanafunzi wa darasa la tano hakuhitaji kumnyang'anya kitabu baba yake.

Polisi wakichukua vitabu vyako, uliza kwa utulivu ni kwa sheria gani, kisha dai stakabadhi ya upekuzi inayotaja kila kitabu, na usitie saini kabla hujaisoma. Itunze. Ukienda Mahakama Kuu kudai haki za Katiba, karatasi hiyo ndiyo ushahidi wa kwanza wa jinsi wewe mwenyewe ulivyoathirika.