Paka wa kipilipili: ni paka gani, na anatunzwaje

"Dada, huyo paka mmempiga kalikiti?" Mama anayetuletea mboga Iyumbu, hapa Dodoma, aliniuliza hivyo mwezi wa saba, siku nilizoachiwa paka wa jirani aliyesafiri.

Hajapigwa kitu. Paka wa kipilipili amezaliwa hivyo, manyoya yamejikunja kwa sababu jeni inayounda unywele imebadilika. Wafugaji humwita Rex, jina lililoazimwa kwa sungura. Wala si ukoo mmoja. Cornish Rex alianza na dume mmoja aliyezaliwa Cornwall, Uingereza, mwaka 1950, akaitwa Kallibunker. Miaka kumi baadaye, Devon, jimbo la jirani, akatokea Kirlee, naye kajikunja vilevile. Watu wakadhani ni ukoo mmoja, wakampandisha Kirlee kwa majike wa Cornish Rex, na watoto wote wakatoka na nywele za singa! Hapo ndipo ilipojulikana kuwa ni jeni mbili tofauti, na kila moja hujionyesha tu mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama. Selkirk Rex, aliyeanzia Montana, Marekani, mwaka 1987, ana jeni ileile ya Devon, ila imebadilika kwa namna nyingine. Yeye akiirithi kwa mzazi mmoja tu inatosha.

Paka wa kawaida ana nywele ngumu za juu zinazofunika malaika laini ya chini. Cornish Rex hana hizo za juu, amebaki na malaika tu. Devon Rex anazo kidogo, lakini ni dhaifu, zinakatika. Ukitaka kumtambua, tazama sharubu: zimejipinda, au zimekatika zikabaki visiki. Paka wa sokoni Majengo aliyegandamana manyoya na sharubu zake zimenyooka si kipilipili, huyo ni mchafu au mgonjwa.

Mimi sikujua kuwa nywele za Devon ni dhaifu hivyo. Siku ya pili nilimpitishia yule paka, ambaye ni Devon, brashi ya waya nimtoe vumbi, nikamwachia kipara begani chenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Jirani aliporudi hakugomba. Alichukua kipande cha flana, akakilowesha maji ya uvuguvugu, akakikamua mpaka kikaacha kutiririka, kisha akampangusa kutoka shingoni kwenda mkiani, akifuata nywele zilikolala. "Huyu hachanwi," akasema, "anapanguswa." Selkirk mwenye manyoya marefu ndiye anayehitaji chanuo, tena la meno mapana na kwa mkono mwepesi, maana ukizidisha mawimbi yananyooka.

Kupangusa kuna sababu yake. Ngozi ya paka hutoa mafuta, na manyoya mengi huyasambaza. Kwa huyu mafuta yanabaki pale pale kwenye ngozi, masikioni na kwenye mikunjo ya kucha. Sasa ongeza vumbi jekundu la Dodoma wakati wa upepo wa kiangazi: kucha zinashika utando mweusi kama za fundi gereji. Pangusa kucha na vidole. Masikioni futa nta inayoonekana tu, kwa pamba yenye unyevu, usiingize kijiti. Ukiona chenga nyeusi kama unga wa kahawa naye anajikuna, huenda ni utitiri, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Ukimwogesha, tumia sabuni ya paka na umsuuze mpaka povu liishe, kisha umkaushe kwa taulo, si kwa jua.

Viroboto navyo. Usimpake dawa ya mbwa yenye permethrini, hata tone. Inaua paka, awe wa singa au wa kipilipili.

Kuna wanaomnunua kwa kuwa eti hasababishi mzio. Si kweli: kinachowasha watu kiko kwenye mate na ngozi yake, na vyote viwili anavyo.

Hali ya hewa ya huku inambana pande zote mbili. Mchana jua linaunguza ngozi iliyofunikwa kidogo, hasa masikio kama ni mweupe, kwa hiyo saa sita mpaka saa tisa akae ndani. Usiku wa Juni na Julai ni baridi kwake kuliko kwetu. Yule niliyeachiwa alihamia juu ya kingamuzi tangu jioni ya kwanza, joto lote pale. Nilimwekea boksi lenye blanketi kuukuu, akaliangalia, akarudi kwenye kingamuzi. Ilibidi nilisogeze boksi nyuma ya friji, kwenye mota, ndipo akakubali kulala humo.