“Mwalimu, Uwanja Uko Mtupu”: Dhana Potofu Kuhusu Kujifunza Kuteleza kwa Gari

Mvua ya masika ikikaribia, na kila Safari Rally inapopita, swali huwa lile lile. Kijana amepata leseni juzi, ana Vitz ya mamake au Mark X ya mkopo, na anataka nimwonyeshe jinsi gari linavyorushwa mkia na kurudishwa njiani. Hapo sina ugomvi naye. Shule zetu za udereva humfundisha mtu kusukuma kigari cha mchezo kwenye ubao wa mji wa mfano, kupanda mlima bila kurudi nyuma na kuegesha. Anatoka hapo hajawahi kuhisi tairi likipoteza mshiko, kisha siku ya kwanza ya kuhisi inamkuta Mau Summit kwenye mvua ya mawe. Kutaka kujua ni jambo jema.

Kinachonichosha ni sentensi inayofuata: “Mahali tushapata, mwalimu. Uwanja uko mtupu.”

Dhana: Pasipo na watu wala magari ni mahali salama

Hii nimeisikia mpaka masikio yameota sugu. Ukweli ni kwamba gari linaloteleza halihitaji mtu wala gari jingine ili likuue. Ardhi yenyewe inatosha.

Magari mengi yanayobingirika hubingirika kwa sababu moja: gari linakwenda kiubavu, matairi yanachimba udongo laini au yanagonga ukingo, sehemu ya chini inasimama ghafla na sehemu ya juu inaendelea na safari. Kwenye lami tambarare gari hilohilo lingeserereka tu hadi likaishiwa nguvu. Kwa hiyo shamba lililolimwa, ambalo vijana huliona “laini, hata ukianguka huumii”, ni hatari kuliko lami. Na ukiniletea Noah au HiAce, magari marefu yenye uzito juu, hata sitajadiliana nawe.

Sasa tazama ardhi ya kwetu. Nakuru imekaa juu ya majivu ya volkano, na baada ya mvua kubwa nyufa hufunguka ardhini. Watu wa Rhoda na Kaptembwa wanazijua vizuri. Nyasi zikishaota juu yake huoni kitu mpaka gurudumu la mbele limeingia. Ukingoni mwa Ziwa Elementaita juu ni gamba jeupe kavu linaloonekana kama sakafu, chini ni tope. Isitoshe, ziwa hilo limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011, na Soysambu iliyo kando yake ni hifadhi ya wanyama yenye wenyewe. Magari ya rally kupita huko tangu mashindano ya dunia yaliporudi Kenya mwaka 2021 hakukupi wewe ruhusa. Yale magari yana vyuma vya kulinda paa na mikanda ya pointi sita, na njia imefungwa na kulindwa. Wewe una Vitz.

Wenzetu wa Kisumu nao hunitajia tambarare za Kano, upande wa Ahero. Ule ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi unapasuka mianya ya kumeza tairi, wakati wa mvua unang’ang’ania gurudumu haswa pale unapotaka liserereke.

Kiwanja cha mpira cha shule je? Kina milingoti ya magoli, na nyasi mbichi hazina mshiko. Ukifunga breki kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa kwenye lami kavu, gari zuri husimama ndani ya mita 10. Kwenye nyasi zilizolowa unaweza kuhitaji mita 30 hivi. Ongeza kasi maradufu na umbali wa kusimama unazidi mara nne, si mara mbili. Hesabu hiyo watu huisikia, wakaitikia kwa kichwa, kisha wakaenda kufanya vilevile.

Halafu kuna wa “barabara ya Njoro saa nane usiku haina mtu”. Haina mtu mpaka bodaboda isiyo na taa itokee. Pia ni kosa la jinai, na Sheria ya Trafiki haiishii kwenye barabara kuu: inahesabu hata maegesho ambayo umma unaruhusiwa kuingia. Kwa hiyo maegesho ya duka kubwa Jumapili asubuhi si kichaka cha kujificha. Soma pia mkataba wako wa bima. Kwa kawaida una kifungu kinachotoa mashindano na majaribio ya kasi nje ya fidia.

Mahali ninapopakubali mimi ni hivi: sakafu ngumu ya aina moja, iwe lami, saruji au changarawe iliyoshindiliwa, bila mtaro, nguzo wala ukingo wa saruji. Pawe tambarare, pawe na lango linalofungwa, na mwenye mahali awe ameandika kwamba ameruhusu. Kwa kasi ya kilomita 40 nataka mita 50 tupu kila upande, kwa sababu mwanafunzi hatelezi kuelekea upande uliopanga wewe. Mtu mmoja asimame nje akiwa na simu, kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza. Mahali pa namna hiyo papo: yadi ya malori siku malori yametoka, uwanja wa ghala mwisho wa wiki, sehemu ngumu ya uwanja wa maonyesho ukizungumza na ofisi mapema, au kiwanja kidogo cha ndege cha shamba la mtu ambaye mmekubaliana naye na ana uhakika hakuna ndege inayotua. Kupapata ni kazi ya simu na kuvaa shati safi uende kuomba. Vijana hawapendi sehemu hiyo.

Na kasi ya nini? Mwaga maji. Boza moja la maji kwenye saruji laini, na kwa kilomita 30 kwa saa utajifunza yale ambayo pakavu yangekudai kasi ya kuvunja shingo.

Zaidi ya hapo, somo la kwanza kwangu si kurusha mkia. Ni kufunga breki. Madereva wengi, hata wa miaka mingi, hawajawahi kukanyaga breki hadi mwisho. ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, inapofanya kazi kanyagio hutetemeka na kunguruma mguuni; dereva anashtuka, anaachia, na hapo ndipo anapogonga. Tunarudia mpaka mguu uzoee. Kisha tunaweka mtungi mtupu wa plastiki mbele, afunge breki kabisa huku anaupita kando, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya ABS: kukuachia usukani. Asiyeweza hilo simpeleki kwenye mkia, hata akilipa mara mbili.

Dhana: Aliyefunzwa kuteleza hagongi tena

Norway waliwahi kuwalazimisha madereva wapya wapitie mafunzo ya kuteleza. Utafiti wa taasisi ya uchumi wa usafiri ya Oslo, uliotoka 1988, ukaonyesha kwamba vijana wa kiume waliopitia mafunzo hayo waliongeza ajali kwenye barabara za utelezi badala ya kupunguza. Walitoka uwanjani wakijiona mabingwa, wakakanyaga mafuta. Ndiyo maana somo langu nalimaliza kwa kumfanya mwanafunzi ashindwe: naongeza kasi kidogo kidogo mpaka gari limkatae licha ya yote aliyojifunza. Akienda nyumbani amenuna, nimefaulu.

Dhana: Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne halitelezi

Wenye Subaru, nawasalimu. Kuendeshwa kwa magurudumu yote kunakusaidia kuondoka na kupanda. Kwenye kusimama, kila gari hufunga breki kwa magurudumu manne, hata Probox. Kitakachoamua ni matairi.

Dhana: Breki unazipiga-piga

Kwa lori la zamani lisilo na ABS, sawa. Kwa gari lenye ABS unaiharibia kazi. Kanyaga, shikilia, elekeza. Ila kwenye changarawe legevu ABS inaweza kukupeleka mbali zaidi kabla ya kusimama, kwa hiyo huko punguza mwendo mapema.

Dhana: Gari likiteleza, tia nyutro

Mteremko wa Salgaa umezika watu wa kutosha kwa sababu ya malori yaliyoachiwa nyutro ili kuokoa dizeli. Sitaongeza neno.

Dhana: Geuza usukani upande gari linakoteleza

Nusu yake ni kweli, na mtu akiwa na hofu hukumbuka nusu mbovu. Kwanza ujue ni kipi kinateleza. Mbele ikikataa kona, kama zinavyofanya Fielder, Vitz na Premio, achia mafuta na *punguza* kona ya usukani hadi matairi yashike tena. Kuzidisha kona hakusaidii kitu. Mkia ukitoroka, achia mafuta, tazama unakotaka kwenda na mikono ifuate macho. Kisha rudisha usukani mapema, maana mkia hurudi kwa nguvu upande wa pili, na huo mrusho wa pili ndio unaowaingiza watu mtaroni. Jicho likikodolea mti, mikono itakupeleka kwenye mti.

Dhana: Punguza upepo, gari lishike lami ya mvua

Tairi lenye upepo mdogo huelea juu ya maji kwa urahisi zaidi. Jaza upepo kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Hofu yako iwe kwa dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi, mafuta na vumbi vinapogeuka utelezi, na kwa matope ya trekta za miwa kule Muhoroni na Chemelil.

Dhana: Matairi vipara ndiyo mazuri ya kujifunzia

Hapa nakubali, kwa sharti. Ndani ya yadi, kwa mwendo wa polepole, matairi yaliyoisha huteleza haraka na hayakulii pesa. Lakini yaje yamebebwa kwenye buti na kufungwa hapohapo. Tukimaliza, mazuri yanarudi mahali pake na nati zinakazwa kabla lango halijafunguliwa.