Umeibuka, boti huioni: maswali ya wazamiaji

Nimeibuka, boti siioni. Nianze na nini?

Jaza hewa jaketi lako la kuelea. Mtungi ukiwa mtupu, lipulize kwa mdomo. Bado unazama? Achia risasi za kiunoni, yale mavyuma mazito ya kukuzamisha, zitanunuliwa nyingine. Miwani ibaki usoni na kipumulio mdomoni. Wengi huvivua kwa furaha ya kuona jua, wimbi la kwanza likawapiga, wakameza chumvi, wakakohoa, na hofu ikaanzia hapo.

Lakini kisiwa nakiona kabisa! Si niogelee tu?

Hapo ndipo watu wanapojimaliza. Pembeni mwa Pemba, kwenye milango ya upande wa magharibi, yaani mapengo kati ya visiwa vidogo, maji ya bamvua hukimbia kuliko mtu aliyebeba mtungi. Ukishindana nayo utachoka na kisiwa kitazidi kurudi nyuma. Nahodha naye hukutafuta kule mkondo unakoelekea, sasa wewe ukijitoa kwenye njia hiyo unampoteza. Tena mwili uliotoka kuzamia bado una naitrojeni nyingi, gesi ya hewa uliyovuta chini, na kuchapa mapezi kwa nguvu huweza kuchochea mapovu kwenye damu. Kama nchi kavu iko karibu kweli, katiza mkondo kimshazari, polepole, wote pamoja.

Nahodha atanionaje?

Kichwa chako kwenye mawimbi ni kama dafu linaloelea. Ndiyo maana kila mzamiaji, si kiongozi peke yake, awe na lile boya refu la rangi ya machungwa ambalo wengine huliita soseji. Lirushe ukiwa bado chini, kwenye mapumziko ya usalama ya dakika 3 kwenye mita 5, ili boti ianze kukufuata kabla hujaibuka. Ukifika juu, vuta kamba yake kwenda chini lisimame wima. Filimbi ni nzuri, ila injini ikiunguruma haisikiki. Kioo cha kumulika jua hufika mbali zaidi. Na mkono unaopungwa juu ya kichwa ni ishara ya dharura, kwa hiyo usimpungie nahodha kwa salamu.

Bahari yetu ni ya joto. Baridi itatoka wapi?

Maji ya nyuzi 26 bado yako chini ya joto la mwili, na maji hunyonya joto takriban mara 25 kuliko hewa. Baada ya saa kadhaa meno yatagongana. Usivue vazi, kunja magoti kifuani, kumbatianeni, mjifunge kwa kamba msitawanyike. Kiu ikikushika, maji ya bahari usiyaguse.

Hivi kweli watu huachwa baharini?

Huachwa. Tarehe 25 Januari 1998, Tom na Eileen Lonergan, mume na mke kutoka Marekani, waliachwa kwenye matumbawe ya Great Barrier Reef, Australia, baada ya watu kuhesabiwa vibaya. Siku 2 zilipita kabla ya mikoba yao kuonekana botini. Hawakupatikana. Mimi sishuki kabla ya kumwuliza nahodha anahesabu vipi, na napenda zaidi anayeita majina.

Tumeokolewa. Yameisha?

Bado. Ganzi, maumivu ya viungo, kizunguzungu au uchovu usioelezeka ndani ya saa 24 usiuite "jua tu", huenda ni yale mapovu ya naitrojeni. Mlaze mgonjwa, mpe oksijeni, mpigieni daktari anayejua mambo ya uzamiaji. Hata ukijisikia mzima, ndege ya kurudi Unguja isubiri: muda wa saa 12 kama ulizamia mara moja, 18 kama ni zaidi.